Maji ya Bafuni na Bima ya Nyumba: Hotuba kwa Wenye Nyumba wa Kaskazini mwa Texas

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, ndugu na vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja leo Jumamosi, siku ambayo wengi wenu mngeweza kuchukua zamu ya ziada kazini. Kamati iliniomba nizungumzie bima ya nyumba kwa jumla. Nikawaomba waniruhusu nishike chumba kimoja tu, bafu. Kazi yangu ni madai ya bima za nyumba, na nimeona familia zetu, za Wakongomani, Wakenya, Warundi na Watanzania, zikiumizwa na maji ya bafuni kuliko zinavyoumizwa na moto au wezi. Kinachouma zaidi ni ile barua inayofika wiki chache baadaye, ya kusema kampuni haitalipa.

Chukueni nyumba mbili jirani, zote za ghorofa, zote zina bafu juu ya sebule. Katika nyumba ya kwanza, ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye tangi la choo umepasuka saa nne asubuhi watu wako kazini. Jioni wanarudi, dari ya sebule iko juu ya makochi. Katika nyumba ya pili, kiungo cha bomba chini ya beseni la kuogea kimekuwa kikidondosha tone tone tangu mwaka jana. Darini kulikuwa na doa la kahawia. Baba mwenye nyumba akalipaka rangi, likarudi, akalipaka tena. Siku moja mbao zimeoza, sakafu ikabonyea, dari ikaanguka vilevile. Hesabu ya fundi inaweza kuwa ileile kwa nyumba zote mbili. Lakini kwa kawaida familia ya kwanza italipwa, na ya pili haitalipwa.

Sababu ni kwamba mkataba wa bima haupimi wingi wa maji. Unauliza maji yalitoka wapi, yalianza lini, na kwa nini. Mikataba mingi ya nyumba hapa Marekani hulipia maji yaliyotoka ghafla na kwa ajali kwenye mabomba, choo, hita ya maji au mashine ya kufulia. Mikataba hiyohiyo hukataa uchakavu, kutu, kuoza, uzembe wa kutotunza nyumba, na uvujaji wa taratibu unaojirudia kwa wiki, miezi au miaka. Baadhi ya kampuni huweka hata idadi ya siku: maji yakivuja siku 14 au zaidi, wanahesabu kuwa ni uvujaji wa muda mrefu. Kwa hiyo mkaguzi wao, yule tunayemwita ajasta, anapoingia bafuni kwako na tochi, haangalii tu palipoharibika. Anatafuta umri wa uharibifu. Mbao nyeusi iliyolainika, misumari yenye kutu, doa lenye pete juu ya pete, rangi mpya juu ya rangi iliyovimba: hivyo vyote vinamsimulia tarehe.

Sasa naomba niseme jambo letu wenyewe, na nalisema kwa heshima. Sisi tumekulia kwenye mabafu ya sakafu ya saruji yenye tundu la kutolea maji. Unaoga kwa ndoo na kopo, unamwagia mtoto maji akiwa amesimama, unatawadha, unasuuza sakafu nzima kwa fagio, na maji yanakwenda zake. Bafu la hapa halikujengwa hivyo. Sakafu ya ghorofani ni mbao, juu yake vigae au plastiki, na katika nyumba nyingi hakuna tundu lolote nje ya beseni. Kinachozuia maji ni ule mstari mwembamba wa silikoni pembeni mwa beseni na saruji iliyojazwa katikati ya vigae. Ukipasuka mstari ule, kila kopo linalomwagika nje linaingia chini. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya mwaka sakafu imeoza, na kampuni itaita hali hiyo kukosa matunzo, na kwa lugha ya mkataba itakuwa na hoja.

Siwaambii muache kutawadha, wala muache kuwaogesha watoto mlivyozoea. Waogesheni ndani ya beseni, pazia likiwa ndani. Kagueni ule mstari wa silikoni mara kwa mara. Kopo la silikoni ni dola chache na kazi yake ni ya saa moja. Maji yakimwagika sakafuni, yakausheni palepale, msiyaachie yaende yenyewe.

Na lipo lile bomba la kutawadhia tunalofunga pembeni mwa choo. Karibu kila nyumba yetu inalo, za Waislamu na za Wakristo. Mengi yameagizwa mtandaoni kwa bei ndogo, kiungo chake ni cha plastiki, na limefungwa na binamu fulani kwa dakika kumi. Kosa la hatari ni kuacha koki ya ukutani wazi saa zote na kutegemea kitufe cha mkononi kuzuia maji. Mpira ule haukutengenezwa kubeba msukumo wa maji usiku na mchana. Siku moja unapasuka, na maji yanatoka hadi mtu arudi nyumbani. Habari njema ni kwamba mpira ukipasuka hivyo ghafla, mara nyingi bima hulipia uharibifu. Habari mbaya ni kwamba kiungo kile kikidondosha polepole nyuma ya choo, mnarudi kwenye nyumba ya pili. Nunueni bomba lenye kiungo cha chuma, fungeni koki kila mnapomaliza, na muwafundishe watoto kufanya hivyo.

Sasa kwa nini watu wawili wenye bima Texas hii hii wanaweza kuwa na mikataba tofauti kabisa juu ya maji? Hapo kuna historia. Zamani wengi hapa walikuwa na mkataba mmoja wa kawaida wa jimbo uliokuwa mkarimu sana kwa maji. Mwaka 2001 wazee wa baraza katika mahakama ya kaunti ya Travis waliamua kampuni moja ya bima iilipe familia ya Dripping Springs kiasi cha dola milioni 32, kwa jinsi ilivyoshughulikia dai la nyumba iliyovamiwa na ukungu baada ya mabomba kuvuja. Mahakama ya rufaa ilishusha kiasi hicho mwaka uliofuata hadi karibu dola milioni 4, lakini kampuni zilikuwa zimeshashtuka. Madai ya ukungu yalifurika, kampuni zikaacha kuuza mkataba ule wa zamani, na leo kila moja ina maandishi yake. Karibu kampuni zote zimeuwekea ukungu kikomo kidogo au zimeutoa. Na mikataba ya bei ya chini kabisa inaweza kuyabana maji ya mabomba vikali, au kuyaacha nje mpaka ununue nyongeza.

Hili ndilo linaloniuma. Mtu wetu anapata mkopo wa nyumba baada ya miaka ya kubana matumizi na kuchangiwa na ndugu. Benki inamtaka alete bima kabla ya siku ya kusaini. Anapiga simu, anasema nipe ya bei rahisi. Anapewa. Benki inaridhika kwa sababu inajali deni lake. Hakuna aliyemuuliza mtu huyo kama bafu lake limo. Tofauti ya ada kwa mwaka ingeweza kuwa ndogo kuliko bei ya kochi moja lililoangukiwa na dari.

Mkizungumza na wakala wenu, muulizeni mambo haya na mtake ayaonyeshe kwenye maandishi. Je, mkataba unalipia maji yaliyotoka ghafla kwenye mabomba, na kwa kiwango gani? Je, unalipia uvujaji uliofichika ndani ya ukuta au chini ya sakafu, ambao mwenye nyumba asingeweza kuujua? Kampuni kadhaa huuza nyongeza ya namna hiyo, na ndiyo ingeweza kuiokoa nyumba ya pili kama doa lisingekuwa limeshaonekana. Je, unalipia kuvunja na kurudisha? Swali hili la mwisho ni zito hapa kwetu, kwa sababu nyumba nyingi za Texas zimekaa juu ya bamba la zege, na mabomba ya maji taka ya bafu yamepita chini yake. Bomba lenyewe lililochakaa kwa kawaida utalinunua kwa pesa yako. Lakini kuvunja vigae na zege ili fundi alifikie, kisha kurudisha, kunaweza kugharimu mara nyingi zaidi ya bomba. Mikataba mingi hulipia kazi hiyo pale ambapo maji yenyewe yanalipiwa, mingine inaikata.

Maji taka yanayorudi juu kupitia choo au tundu la beseni ni habari nyingine. Mkataba wa kawaida hauyalipii. Kuna nyongeza yake, mara nyingi ya kikomo cha dola 5,000 au 10,000, na sioni sababu ya familia yenye watoto kuikosa. Mafuriko kutoka nje nayo hayamo kabisa, hata yakiingilia bafuni. Yana bima yake ya taifa iliyoanzishwa 1968, inayolipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu, na kwa kawaida hungoja siku 30 kabla ya kuanza kazi. Walioishi Houston mwaka 2017 wakati wa kimbunga Harvey hawahitaji kuelezwa.

Baridi nayo. Tarehe 16 Februari 2021 uwanja wa ndege wa Dallas na Fort Worth ulipima nyuzi mbili chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani karibu 19 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya watu. Nyumba zetu nyingi zina mabomba yaliyopita darini, na maji yaliganda humo, yakapasua, kisha yakayeyuka na kumwagika. Bima nyingi zilikubali, maana kuganda ni ajali. Lakini mkataba una sharti: uwe umejitahidi kuweka nyumba na joto, au umefunga maji na kuyamwaga yaliyobaki kwenye mabomba. Sharti hili linawahusu hasa nyinyi mnaofunga safari Desemba kwenda Bujumbura, Mombasa au Goma. Msizime mashine ya joto ili kuokoa umeme. Iacheni kwenye nyuzi 55 za Farenhaiti au zaidi. Fungeni koki kuu. Mpeni jirani au ndugu ufunguo aingie kuangalia. Bili ya umeme ya miezi hiyo itakuwa ushahidi wenu. Na safari ikiwa ndefu, au nyumba ikibaki tupu bila mtu wala vyombo, someni kifungu cha nyumba isiyokaliwa. Mara nyingi hesabu yake ni siku 60.

Koki kuu, je, mnajua iliko? Kwa nyumba nyingi za hapa iko mbele, karibu na barabara, ndani ya sanduku la mita lenye kifuniko kilichozibwa na majani. Leo mkifika nyumbani kifungueni. Yawezekana mkahitaji kifaa cha kuizungushia, kinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Mfundisheni kila aliye na nguvu ya kukizungusha, na mtoto wa sekondari pia, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufika nyumbani.

Maji yakitokea, funga koki kwanza. Kama maji yamefika kwenye soketi au taa, usikanyage. Zima umeme ikiwa unaweza kulifikia boksi ukiwa pakavu. Kisha piga picha na video kabla hujafagia kitu. Halafu anza kukausha, usingoje ajasta. Mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke, na shirika la mazingira la Marekani linashauri vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote. Mafeni, mashine ya kunyonya maji, kampuni ya kukausha, vyote gharama yake inaweza kuingia kwenye dai, kwa hiyo tunza risiti. Na kile kipande kilichopasuka, mpira au kiungo au koki, kiweke kwenye mfuko, andika tarehe, usikitupe hata fundi akikuambia ni takataka. Kipande kile ndicho shahidi kwamba kilipasuka ghafla. Nimeona madai mazuri yakidhoofika kwa sababu kilitupwa.

Mwambie pia fundi bomba aandike kwenye karatasi yake chanzo cha maji ni nini na alikikutaje. Sentensi mbili za fundi mwenye leseni zina uzito kuliko masimulizi yetu yote.

Ukipiga simu kwa kampuni, wataomba maelezo na huenda wakayarekodi. Omba mkalimani wa Kiswahili, Kirundi, Kilingala, lugha yoyote unayoiweza vizuri. Tafadhali sana, wazazi wangu, msimpe simu mtoto wa miaka kumi na miwili awasemee. Mtoto ana haraka ya kurudi kwenye mchezo wake, anaulizwa kama maji yalikuwa yanavuja kabla ya hapo, anajibu ndiyo, na neno hilo limeingia kwenye faili. Semeni mlichokiona kwa macho yenu, saa mlipokiona, na mlichofanya. Usichokijua, sema hukijui, usikisie. Wala asitokee mtu akakushauri kubadilisha tarehe au kupasua bomba ili kiwe kisa kipya. Huo ni uhalifu, na kwa ndugu ambao bado wanashughulikia karatasi za ukaazi, madhara yake yanaweza kuzidi nyumba.

Kuhusu pesa. Sehemu unayoibeba mwenyewe kwanza, didaktibo, hapa Texas mara nyingi ni asilimia ya thamani ya jengo kwenye mkataba. Nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000 ikiwa na asilimia 1, wewe unabeba 3,000. Ikiwa na asilimia 2, unabeba 6,000. Ukarabati wa dola 3,500 basi haufai kuwa dai, kwa sababu kila dai hubaki kwenye kumbukumbu ambazo kampuni za bima husomeana kwa muda wa hadi miaka saba, na linaweza kupandisha ada.

Kisha malipo yenyewe huja kwa vipande. Tuseme kazi yote ni dola 12,000, uchakavu wa sakafu na kabati wanaukadiria 4,000, didaktibo ni 3,000. Hundi ya kwanza ni 5,000. Watu wengi hapo hukata tamaa, wanadhani wamedhulumiwa, wanaweka marumaru za bei ya chini na kuacha. Lakini kama mkataba wako unalipa gharama ya kitu kipya, zile 4,000 za uchakavu zinakungoja mpaka umalize kazi na kupeleka risiti ndani ya muda uliowekwa. Ulizeni muda huo ni upi. Msishangae pia hundi ikiwa na jina la benki ya mkopo pembeni mwa jina lako. Pigia benki, ina utaratibu wake.

Wakati huo huo mlango utagongwa. Fundi mwenye tabasamu na karatasi, anasema saini hapa, nitakusamehe didaktibo, nitaongea na bima kwa niaba yako. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamkataza mkandarasi kukusamehe didaktibo ya bima. Na mkandarasi anayekarabati nyumba yako haruhusiwi kuwa pia mtu wa kujadiliana na kampuni kuhusu dai lako. Ukihitaji msemaji, kuna wakaguzi wa kujitegemea wenye leseni ya jimbo wanaomfanyia kazi mwenye nyumba, na malipo yao kisheria hayazidi asilimia 10 ya fidia. Kabla ya kusaini lolote, mwonyeshe mtu anayesoma Kiingereza vizuri, hata ikibidi fundi asubiri kesho.

Kampuni nayo ina masharti. Ukitoa taarifa ya dai, kwa kawaida ina siku 15 kukiri imelipata na kuanza kulishughulikia. Ikishapokea kila ilichokuomba, ina siku 15 za kazi kukubali au kukataa, na ikikataa iandike sababu. Ikikubali, ina siku 5 za kazi kulipa. Kwa hiyo pelekeni karatasi kwa barua pepe, mpate tarehe, na kila mazungumzo ya simu muandike jina la mliyezungumza naye. Barua ya kukataa ikija, isomeni inataja kifungu gani. Kama inasema maji yalikuwa ya muda mrefu na fundi wako aliandika kwamba kiungo kilipasuka ghafla, jibuni kwa maandishi, ambatisheni karatasi ya fundi na picha za saa ile, ombeni mkaguzi arudi. Nimeona barua za namna hiyo zikibadilishwa. Isipobadilishwa, idara ya bima ya Texas hupokea malalamiko bila malipo, na kampuni hulazimika kuijibu. Kulalamika huko hakuhusiani kwa vyovyote na hali yako ya ukaazi. Msiogope.

Kwa baba wa nyumba ya pili, na najua humu ndani wapo wenye doa darini hivi sasa, nawaomba jambo moja. Msilipake rangi. Mwiteni fundi bomba wiki hii, alipwe kwa kazi yake, atafute chanzo. Ikiwa uvujaji umeanza karibuni, toeni taarifa mapema, mkiwa bado na la kueleza. Ikiwa ni wa zamani, mtaulipia wenyewe, lakini mtalipia kiungo na ubao mmoja kabla ya kulipia sakafu nzima.

Kamati iliwaomba mje na mikataba yenu, na naona wengi mmekuja nayo. Waliokuja nayo kwenye simu, vijana wale wa meza ya nyuma watawasaidia kuifungua. Tuanze na ukurasa wa mbele, pale penye viwango. Tafuteni didaktibo, iwekeeni alama. Kisha twende kwenye orodha ya nyongeza, tuone nani ana ya maji taka na nani hana. Mama, wewe wa kilemba cha buluu, uliinua mkono tangu mwanzo. Karibu, tuanze na wako.